Uso wa Saa Uliovuliwa Mapambo

Saa ni chombo kilichoenea mno hata watu hawakitazami tena. Huutazama wakati tu. Mtu akiulizwa kwa ghafula uso wa saa aliyoivaa mkononi miaka mitano umeandikwaje, kama una tarakimu zote kumi na mbili au nne tu, kama mishale yake imechongoka au ni butu, mara nyingi hushindwa kujibu. Wala si aibu kwake. Wamekuwapo mafundi na wasanii waliotumia maisha yao kulitafuta jambo lilo hilo, yaani saa isomwe pasipo yenyewe kuonekana, nao wakauvua uso wake pambo moja baada ya jingine hata kisibaki cha kuvuliwa. Katika makala hii twataka kueleza watu hao walitoka wapi, walitaka nini, na kazi yao ilifika wapi. Maana habari hizi zimefungamana na vita, na mauti, na ugomvi wa fedha, wala si habari za vioo na mishale peke yake.

Saa za kwanza za kuchukuliwa mwilini zilionekana Ulaya katika karne ya 16. Zilikuwa na mshale mmoja tu, au akrabu moja kama walivyosema wazee wa pwani, kwa kuwa hazikuwa na usahihi wa kustahili dakika. Mwenye saa ya namna hiyo hakuinunua ili awahi shauri lake. Aliinunua ili watu wamwone nayo. Basi fundi naye aliijaza nakshi, na rangi za enameli, na sura za watu na maua, akaufanya wakati kuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1675 Christiaan Huygens, mtaalamu wa Uholanzi, alitangaza matumizi ya kamani nyembamba iliyozungushwa kama konokono, ambayo huyarudisha mapigo ya gurudumu la mizani kwa kadiri iliyo sawa. Tangu hapo saa ya mfukoni iliweza kuaminiwa hata kwa dakika, mshale wa pili ukapata kazi, na usahihi na pambo vikaanza kugombania nafasi ile ile ndogo.

Fundi aliyeupendelea usahihi mapema kuliko wengi alikuwa Abraham-Louis Breguet, aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1747 akafanya kazi Paris hata kufa kwake mwaka 1823. Mishale yake ni myembamba, yenye kitundu cha duara karibu na ncha, na tarakimu zake zasomeka kwa mtazamo mmoja. Lakini wateja wake walikuwa wafalme na matajiri, na wepesi wa macho aliowauzia ulikuwa na bei ya kifalme. Twamwomba msomaji alishike neno hilo, maana litarudi.

Saa ya mkononi, kwa upande wake, ilidharauliwa muda mrefu na wanaume wa Ulaya, wakaihesabu kuwa kipambo cha wanawake. Vita ya 1914 hata 1918 ndiyo iliyowageuza. Askari aliyelala handakini, akingoja mizinga yake inyamaze kwa dakika iliyopatanwa ndipo atoke, hakuweza kupekua mfuko wa ndani kutafuta saa. Akaifunga mkononi kwa ukanda wa ngozi. Uso wa saa hiyo ulitakiwa usomeke gizani, kwa hiyo tarakimu zake zilikuwa kubwa, nazo zilipakwa rangi yenye rediamu ing'aayo usiku. Katika viwanda vya Marekani wasichana waliopaka tarakimu hizo walifundishwa kuichonga brashi kwa midomo yao. Wengi walidhurika, mifupa ya taya zao ikaoza, na baadhi wakafa. Wale wa New Jersey waliopeleka shauri mahakamani walipata mapatano mwaka 1928, wakiwa wagonjwa mahututi. Mtu akisema kwamba uso wa saa ni jambo dogo, na awakumbuke hao.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa ikibishana juu ya pambo lenyewe. Mjenzi wa majumba mmoja wa Vienna, Adolf Loos, alikuwa akitoa hotuba mnamo mwaka 1910 iliyoliweka pambo pamoja na makosa ya jinai. Hoja yake ya kwanza ni ya hesabu, nayo ina nguvu. Alisema kwamba kitu kilichotiwa nakshi hupitwa na mtindo kabla hakijachakaa, kikatupwa kingali kizima. Basi saa zote alizozitumia fundi kukinakshi zimepotea, na ujira wake ni mdogo kwa sababu kazi yake haithaminiwi. Lakini Loos hakukoma hapo. Aliijenga hoja yake juu ya ngazi ya mataifa, akamweka mtu wa Papua, mwenye kuchanja mwili wake na kulichora kasia lake, katika daraja la chini kama mtoto mchanga, na mtu wa Ulaya aliyejichora mwili akamwita mhalifu au mtu aliyeharibika.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa kuwa wafuasi wengi wa uso mtupu wa saa humtaja Loos kwa heshima na kuiruka sehemu hiyo. Mtu aliyetembea katika vichochoro vya Lamu au Unguja ameiona milango iliyochongwa, na ukuta wa chokaa ulio mweupe mtupu pande zote mbili za mlango. Nyumba moja ina vyote viwili. Mlango huo hautupwi kwa sababu mtindo umebadilika. Baba humwachia mwana, na mwana humwachia mjukuu, na kazi ya mchongaji yaendelea kuonwa miaka mia baada ya yeye kuzikwa. Kwa kipimo cha Loos mwenyewe, cha kazi isiyopotea, mlango huo umeshinda. Basi hoja yake ya uchumi twaikubali mahali pake, na ile ya ngazi ya mataifa twaikataa kabisa; wala moja haikuhitaji nyingine ili isimame.

Katika Ujerumani fikira hizi zilipata mwili. Mwaka 1907 mjini Munich wasanii na wenye viwanda waliunda chama kiitwacho Deutscher Werkbund, wakitaka vitu vitokavyo viwandani viwe vya kweli na vya kudumu. Mwaka 1919 Walter Gropius alifungua shule ya Bauhaus mjini Weimar. Ikahamia Dessau mwaka 1925, kisha Berlin, na mwaka 1933 ikafungwa kwa kusongwa na serikali ya Hitler. Siku hizi wauza saa hupenda kuita kila saa yenye uso mtupu kuwa ni ya Bauhaus. Twaonya kwamba neno hilo lataka uangalifu. Nyingi katika saa ziitwazo hivyo zilibuniwa baada ya mlango wa shule kufungwa, na watu waliopita humo au waliosikia habari zake tu.

Kabla ya kumfikia mmoja wao, twende stesheni. Hans Hilfiker, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa injinia wa reli za serikali ya Uswisi. Mwaka 1944 alibuni saa ya kutundikwa kwenye majukwaa ya stesheni zote. Haina tarakimu hata moja. Uso wake ni mweupe. Una mistari meusi sitini, ile ya kila dakika tano ikiwa minene na mirefu, mingine ikiwa mifupi. Na mishale yake miwili ni meusi na minene kama vipande vya ubao. Abiria akimbiaye na mzigo begani hana nafasi ya kusoma tarakimu, ila pembe iliyo kati ya mishale huiona hata kwa mbali. Mwaka 1953 Hilfiker aliongeza mshale wa tatu, mwekundu, wenye duara mwishoni, mfano wa kile kibao ambacho mtumishi wa stesheni alikuwa akikiinua kuiruhusu gari kuondoka. Mshale huo humaliza mzunguko wake kwa sekunde kama 58 na nusu, kisha husimama juu kabisa ukingoja ishara ya umeme kutoka saa kuu. Ishara ikija, mshale wa dakika huruka hatua moja na ule mwekundu huanza safari mpya. Kwa njia hii saa za nchi nzima hupatana kila dakika, na gari huondoka dakika ikiwa kamili.

Twakiri kwamba katika saa zote tutakazozitaja hii ndiyo tuipendayo kuliko zote. Hakuna kilichoondolewa humo kwa ajili ya kupendeza. Kiliondolewa kwa sababu kilimchelewesha msafiri. Na palipohitajiwa kuongeza, aliongeza, tena kwa rangi nyekundu. Kampuni ya Mondaine ilipata ruhusa ya kuutia uso huo katika saa ya mkono mwaka 1986. Mwaka 2012 kampuni ya Apple ya Marekani iliutia katika vyombo vyake pasipo kuomba. Reli za Uswisi zikadai, wakapatana, na magazeti ya Uswisi yakaandika kwamba malipo yalikuwa faranga milioni 20. Hizo si fedha haba kwa uso usio na hata tarakimu moja.

Mwingine alipata kidogo zaidi. Nathan George Horwitt alizaliwa Urusi mwaka 1898, akaishi Marekani. Mwaka 1947 alibuni uso wa saa ambao mtu akiuona mara moja hausahau: mweusi mtupu, na mishale miwili, na nukta moja ya rangi ya dhahabu mahali pa kumi na mbili. Hapana tarakimu, wala mistari, wala alama nyingine yoyote. Alieleza kwamba wakati haujulikani kwa mfuatano wa tarakimu bali kwa mahali lilipo jua, na ile nukta ni jua la adhuhuri.

Maneno hayo yanatugusa sisi tusemao Kiswahili kuliko yalivyoweza kuwagusa majirani zake. Kila mwalimu aliyefundisha watoto kusoma saa aijua taabu yake. Mtoto aona imeandikwa 12, na ulimi wake wapaswa kutamka sita. Aona 7, atamke moja. Ni kwa sababu saa ya Kizungu huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, nasi huanza jua lichomozapo na lichwapo. Hivyo uso wenye tarakimu hubishana na msomaji wake kila siku ya maisha yake, hata azoee. Uso wa Horwitt haubishani na mtu. Jua likiwa utosini, mishale yote miwili iko juu ya nukta. Mwingereza aseme kumi na mbili, nasi tuseme sita, nukta yenyewe imenyamaza. Sidhani kama Horwitt alipata kufikiri habari za Mombasa au Tanga, walakini uso wake ni mwepesi kwetu kuliko uso wowote uliochapwa tarakimu za Kirumi.

Pamoja na hayo yatupasa kuwa wakweli. Uso huo, ambao wengi huuhesabu kuwa upeo wa unyofu, ni mgumu kusoma. Saa waiona, dakika waibahatisha. Mtu apaswaye kuwahi gari liondokalo saa mbili na dakika kumi na saba hatapata msaada humo. Hilfiker aliondoa tarakimu akaiacha mistari sitini, kwa kuwa alijua ni nani atazamaye. Horwitt aliondoa na mistari pia, na hapo ndipo, kwa hukumu yetu, kuvua kulipoacha kumtumikia msomaji kukaanza kutumikia macho ya mpenda picha. Kuna mpaka kati ya uso mwepesi na uso bubu, nao haupimwi kwa wingi wa wino.

Horwitt hakumpata kwa urahisi mtengenezaji wa kuupokea ubunifu wake. Saa chache tu za mfano zilitengenezwa, na mwaka 1960 moja ikapokewa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, jambo ambalo uso wa saa ya mkono haukuwa umelipata kabla yake. Hapo jina likavuma. Kampuni ya Movado ilikwisha kutengeneza saa za uso huo, nayo ikaziuza kwa jina la saa ya makumbusho. Mwenyewe alidai haki yake miaka mingi, na mwaka 1975 ndipo alipolipwa, dola 29,000, alipokuwa karibu na umri wa miaka themanini. Twaona ugumu wa shauri lake. Mtu aliyechora simba katika uso wa saa aweza kumwonyesha hakimu simba wake. Lakini aliyefuta kila kitu atamwonyesha nini? Nukta? Kila mtu ana nukta. Na hata hivyo kabla ya Horwitt nukta hiyo haikuwapo mahali pale peke yake.

Sasa twafika kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa tuliazimia kuandika. Max Bill alizaliwa Winterthur, Uswisi, mwaka 1908. Kwanza alijifunza usonara wa fedha mjini Zürich, na mwaka 1927 akaenda Bauhaus ya Dessau, akawasikiliza walimu kama Paul Klee na Wassily Kandinsky. Alikuwa mchoraji, mchongaji, mjenzi wa majumba, mpiga chapa na mwandishi, yote pamoja. Katika hotuba ya mwaka 1948 alitoa fikira ambayo twaipenda kuliko ile ya Loos. Kwa maoni yake haitoshi kusema kwamba kitu kifaacho kwa kazi yake kitakuwa kizuri chenyewe; uzuri nao ni kazi mojawapo ambayo kitu chapaswa kuifanya, kama vile kisu kinavyopaswa kukata. Basi pambo laweza kuondolewa, lakini uzuri hauondolewi pamoja nalo. Fundi ana deni la kuutafuta mahali pengine, katika vipimo, katika urefu wa mstari na upana wa nafasi iliyoachwa wazi.

Tarehe 22 Februari 1943 mjini Munich, Hans Scholl na dada yake Sophie waliuawa kwa hukumu ya mahakama ya Wanazi, kwa kosa la kusambaza karatasi za kuwashutumu watawala katika chuo kikuu. Sophie alikuwa na umri wa miaka 21. Ndugu yao Inge Scholl alibaki. Vita ilipokwisha yeye na Otl Aicher, aliyekuja kuwa mumewe, walitaka kujenga katika mji wao wa Ulm shule itakayokuwa ukumbusho wa wale wawili, wakamwita Max Bill awe pamoja nao. Mkuu wa utawala wa Kimarekani katika Ujerumani, John McCloy, aliwasaidia kupata marki milioni moja. Mafundisho yalianza mwaka 1953, na majengo, aliyoyabuni Bill mwenyewe, yakafunguliwa mwaka 1955. Fedha zilikuwa chache hata viti vya wanafunzi vilikuwa vigoda vya mbao tatu na kijiti kimoja cha kuvikaza. Kila mmoja alikibeba chake kutoka chumba hata chumba, akakikalia, au akakitumia kama trei ya vitabu.

Yafaa kufahamu kwa nini watu wenye msiba kama huo walifundisha kubuni vijiko na taa na saa. Walikuwa wametoka katika miaka kumi na miwili ya bendera, na nguzo kubwa, na maandamano, na maneno yaliyovimba. Pambo lilikuwa limetumiwa kuufunika uongo. Kwao uso usiojifanya kitu kingine haukuwa mtindo wa mavazi. Ulikuwa njia ya kujifunza tena kusema kweli, wakianza na vitu vya mezani na jikoni.

Na jikoni ndiko saa ya Bill ilikoanzia. Mwaka 1956 na 1957, akisaidiwa na Ernst Moeckl, alikamilisha saa ya ukutani kwa ajili ya kiwanda cha Junghans cha Schramberg, katika Msitu Mweusi. Gamba lake ni la udongo wa kuchomwa, lenye umbo kama la tone lililoviringana. Juu pana uso wa saa, na chini yake uso wa pili mdogo wa kuhesabia dakika hata sitini, ili mpishi ajue yai limeiva au mkate uko tayari. Haikukusudiwa kwa mfalme. Ilikuwa saa ya mama wa nyumba, iliyotoka kiwandani kwa wingi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kikubwa na cha zamani. Erhard Junghans alikianzisha mwaka 1861, na kufika mwaka 1903 kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 3,000, kikahesabiwa kuwa kikubwa kuliko viwanda vyote vya saa duniani. Lakini katika vita vile viwili ustadi ule ule wa magurudumu madogo ulitumika kutengeneza vyombo vya kupimia muda vinavyotiwa katika kichwa cha kombora, ili lilipuke kwa sekunde iliyokusudiwa. Hivyo saa ya jikoni iliyobuniwa na mkuu wa shule ya ukumbusho wa Hans na Sophie Scholl ilitoka katika kiwanda kilichokuwa kimehesabu sekunde za mauti. Hatusemi hili ili kuwalaumu watu waliokwisha kufa. Twasema kwa sababu mashine haichagui kazi yake.

Mwaka 1961 Junghans ilipotimiza miaka mia, saa za mkono za Bill zilianza kutoka. Zilitiwa ufunguo kwa mkono, na upana wake ulikuwa kama milimita 34. Mistari ya saa ni mirefu na myembamba, ya dakika ni mifupi, na mishale ni myembamba vile vile, ya urefu uliopimwa ufikie pale mstari unapoanza. Kioo kimebinuka kidogo kama jicho. Katika nyuso nyingine kuna tarakimu, zilizochorwa kwa mkono wa mtu ajuaye herufi. Ukiitazama kwa haraka wadhani hakuna kilichofanyika. Ukiitazama tena waona kwamba hakuna kitu kinachoweza kusogezwa hata kwa upana wa unywele pasipo kuharibu kilichobaki. Fundi saa yeyote atathibitisha kwamba uso wa namna hiyo ni mgumu kuutengeneza: nakshi huficha mkwaruzo, na ua lililochorwa vibaya bado ni ua, bali katika uso mtupu mstari mmoja uliopinda hupiga kelele, na vumbi moja chini ya kioo huonekana kama nzi ndani ya maziwa.

Bill mwenyewe hakudumu Ulm. Walimu vijana, Aicher akiwa mmojawapo, waliona kwamba anampa msanii heshima kubwa mno, wakataka shule isimame juu ya sayansi na hesabu. Akaondoka mwaka 1957. Shule nayo ilifungwa mwaka 1968, ugomvi wa ndani na kukatwa fedha vikiisaidiana kuiua.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Desemba 1969, kampuni ya Seiko mjini Tokyo ilitoa saa ya mkono iendayo kwa betri na mtetemo wa kipande cha kwatsi. Iliuzwa kwa yeni 450,000, lakini bei za saa za namna hiyo zilishuka upesi, na mafuriko yakafuata. Katika viwanda vya saa vya Uswisi walikuwamo wafanyakazi karibu 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama theluthi moja. Tangu hapo saa ya bei ndogo kabisa yaweza kushika wakati kuliko saa ya kamani ya bei kubwa kabisa, na mtu anunuaye saa ya kamani huinunua kwa sababu nyingine.

Ndipo lile neno la Breguet linaporudi. Mji wa Glashütte katika Saxony ulianza kutengeneza saa mwaka 1845, Ferdinand Adolph Lange alipofika na kuwafundisha vijana wa huko. Tarehe 8 Mei 1945, siku ya mwisho ya vita, ulipigwa mabomu. Mwaka 1948 viwanda vyake vikatwaliwa na dola. Mwezi Januari 1990, ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka miezi miwili tu, Roland Schwertner wa Düsseldorf alianzisha huko kampuni ya Nomos. Mwaka 1992 saa zake za kwanza zilitoka, na mashuhuri kuliko zote ni Tangente iliyobuniwa na Susanne Günther, yenye uso uliofuata mfano wa nyuso za Kijerumani za miaka ya 1930. Kwa nje ni nyepesi kama daftari la shule. Kwa ndani ni habari nyingine: mwaka 2014 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imetengeneza yenyewe kile chombo kiachiacho gurudumu jino moja moja, pamoja na kamani ya unywele, ili isitegemee tena kununua kwa wengine, na kazi hiyo ya miaka mingi iligharimu zaidi ya euro milioni 11. Ni kazi ya ustadi, nasi twaiheshimu. Lakini bei ya saa hizo ni mshahara wa miezi mingi kwa mfanyakazi wa kawaida katika nchi zetu, na si nchi zetu tu. Kuvuliwa kwa mapambo, kulikoanza na hoja ya kuokoa saa za kazi za fundi, kumekuwa kwenyewe alama ya mtu mwenye nafasi. Wenye kuvaa hufahamiana kwa utupu wa uso kama wazee wao walivyofahamiana kwa almasi.

Junghans nayo ilianguka. Mwaka 2008 ilishindwa kulipa madeni yake, na mwaka 2009 ilinunuliwa na baba na mwana wa ukoo wa Steim, wenyeji wa mji ule ule wa Schramberg. Saa za Max Bill, aliyefariki mwaka 1994, zilikuwa zimekwisha kurudishwa katika orodha ya kiwanda kabla ya hapo, nazo zaendelea kutengenezwa: za kamani, na za betri pia kwa bei ya chini zaidi, uso ukiwa ule ule, hata mtu wa mbali hawezi kujua jirani yake amevaa ipi. Ile ya jikoni, yenye kuhesabu dakika za yai, imetunzwa katika nyumba za makumbusho, na zilizo mikononi mwa watu hutafutwa na wakusanyaji. Wenye bahati huipata ikiwa bado na gamba lisilopasuka.